Mchezo wa Simu kwenye Barabara ya Buta

Mchezo wa Pokémon GO ulipotoka Julai 2016, watu wa miji mikubwa walimiminika barabarani, simu mkononi, wakiwasaka viumbe wasioonekana ila kwenye kioo. Wachache walijua vituo vya mchezo ule vilitoka wapi. Kampuni ya Niantic ilikuwa imevikusanya kwa miaka kadhaa kupitia mchezo wake wa awali, Ingress, ambao wachezaji wake ndio waliopendekeza sanamu, makanisa, michoro ya ukutani na majengo ya kale ya mitaa yao. Palipokuwa na wachezaji wengi wenye simu nzuri na intaneti ya uhakika, vituo vilisongamana. Pasipokuwa nao, ramani ilibaki nyeupe. Mchezo uliosifiwa kwa kuwatoa watu ndani na kuwaonyesha miji yao ulikuwa na kidogo sana cha kumwonyesha mtu wa kijijini.

Bengamisa iko karibu kilomita 50 kaskazini ya Kisangani, mkoani Tshopo nchini Kongo, kwenye barabara ya Buta, wilaya ya Banalia, katika eneo la Bamanga. Ina chuo cha kilimo, ISEA. Ina mashamba ya kakao yaliyojulikana kwa jina la CABEN. Ina soko, na ina wazee wanaokumbuka. Mwalimu wa historia wa hapo hana sababu ya kungoja kampuni ya California imwekee kituo mbele ya shule yake. Anaweza kuutengeneza mchezo wenyewe, wenye maswali ya kwao, kwa simu chache na wiki kadhaa za kazi ya dhati. Teknolojia ni sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito ni kuchagua mahali, kutunga swali ambalo haliwezi kujibiwa na mtu aliyekaa nyumbani, na kumpata anayejua jibu.

Kwanza iondolewe hofu ya mega. Walimu wengi huliweka kando wazo la mchezo wa aina hii kwa kuamini kwamba unakula mtandao. Kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu hunasa mawimbi ya satelaiti moja kwa moja. Hakihitaji mnara wa kampuni yoyote, wala hakigusi salio. Kinachokula mega ni ramani inayopakuliwa kipande kwa kipande wakati mtu anatembea, na dawa yake ni kuipakua mapema. Programu za Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani ya OpenStreetMap. Mtu huishusha mara moja akiwa Kisangani penye mtandao mzuri, akifika Bengamisa huitumia bila kuunganishwa na chochote. Tatizo moja dogo: simu isiyo na mtandao huchukua dakika kadhaa kujitambua ilipo inapowashwa mara ya kwanza. Ziwashwe uwanjani, chini ya anga wazi, kabla wanafunzi hawajapangwa.

Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa au kando ya jengo refu kosa huongezeka, na Tshopo ni nchi ya miti mikubwa. Kwa hiyo kituo cha mchezo kipewe duara la mita 20 au 30, na vituo viwili visikaribiane kiasi cha kuchanganyikana. Hapa mwalimu wa hisabati anaweza kuingia. Karibu na ikweta, digrii moja ya latitudo au ya longitudo ni kilomita 111 hivi; kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta hupima mita 111, na ya tano hupima kama mita moja. Mwanafunzi aliyetembea uwanjani akitazama tarakimu ya tano ikibadilika hatahitaji kufundishwa desimali mara ya pili.

Ramani yenyewe huenda ina mapengo: njia ya kwenda kisimani haimo, shule imewekwa ng'ambo ya barabara, soko halina jina. Hilo lisimvunje moyo mtu. Mwaka 2009 Kibera, Nairobi, ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni mpaka vijana wa humo wenyewe walipoingia vichochoroni na vifaa vya GPS wakaanzisha Map Kibera. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wa ISEA, waliokwisha kuzoea kupima mashamba, wanaweza kuichora Bengamisa na kuiweka kwenye OpenStreetMap kabla ya mchezo kuanza. Kazi hiyo ya kuchora tayari ni nusu ya somo, maana kila jina linalowekwa kwenye ramani lazima mtu fulani aulizwe limetoka wapi.

Mfano wa kuigwa upo tangu 2005. Mwaka huo taasisi ya Waag ya Amsterdam ilitengeneza mchezo ulioitwa Frequentie 1550. Wanafunzi wa sekondari waligawanywa katika vikundi vidogo. Wengine walitembea mjini na simu, wengine walibaki makao makuu na kompyuta wakiwaongoza wenzao na kuwatafutia habari, kisha wakabadilishana zamu. Ndani ya mchezo lengo lao lilikuwa kupata haki ya uraia wa Amsterdam ya enzi za kati. Watafiti waliwalinganisha wanafunzi 458 wa madarasa 20 kutoka shule tano. Waliocheza walitoka na maarifa zaidi kuhusu mji wao wa zamani kuliko wenzao waliofundishwa kwa mradi wa kawaida wa darasani. Lakini hamu ya somo la historia haikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo haya ya pili hutajwa kwa nadra, na ndiyo ya kuzingatiwa zaidi: mwanafunzi akifurahia mchezo haimaanishi kwamba amelipenda somo. Mwalimu asiahidi mapenzi. Aahidi maarifa, kisha ahakikishe mchezo unayabeba.

Mgawanyo ule wa Amsterdam unafaa Bengamisa kuliko hata ulivyofaa Amsterdam, kwa sababu simu ni chache. Kikundi cha wanafunzi sita kinahitaji simu moja. Watatu hutembea, watatu hukaa kwenye meza ya shule wakiwa na ramani ya karatasi, daftari, kitabu, na mzee mmoja aliyekubali kuja kuulizwa. Wanaotembea hupeleka walichokiona kwa mbio au kwa simu ya kawaida ya vibonye. Walioko mezani hukilinganisha na kilichoandikwa na kilichosimuliwa. Katikati ya zamu hubadilishana. Anayekaa mezani hujifunza kupima ushahidi, na huenda kazi yake ndiyo ngumu zaidi.

Mchezo uhusu nini? Kwa Bengamisa hakuna mada bora kuliko barabara yenyewe.

Mtoto aliyezaliwa kando ya barabara ya Buta hudhani kijiji chake kimekuwa hapo tangu zamani. Katika sehemu nyingi za Kongo sivyo. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwahamisha watu kutoka makazi yao ya msituni na kuwapanga kwenye mstari kando ya barabara, ili iwe rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi, na kuwapa kazi ya kuitunza barabara hiyohiyo. Umbo refu na jembamba la vijiji vya njiani, nyumba zikitazamana pande mbili, ni waraka wa historia uliolala wazi kila siku. Kituo cha kwanza cha mchezo basi kiwe nje ya barabara: mahame, mahali palipokuwa na kijiji kabla. Huko mara nyingi hapajabaki ukuta, ila michikichi, misafu na miembe iliyopandwa na mikono ya watu huonekana katikati ya msitu uliojiotea. Swali la kituo hicho haliwezi kujibiwa kutoka kwenye intaneti: ni miti gani hapa ilipandwa na mtu, na ni ukoo gani bado unaichuma? Mwanafunzi atalazimika kutazama, halafu kumwuliza mtu.

Barabara za Kongo zina mfumo wake wa anwani, zile PK, alama za kilomita ambazo madereva, wauza mkaa na wasafiri wote wanazielewa. Mchezo uzitumie. Mwanafunzi anayeambiwa aende hatua 200 kutoka PK fulani kuelekea Banalia ataelewa upesi kuliko aliyepewa mkia wa desimali, na simu ikizima bado atafika.

Kutoka hapo barabara inafungua mlango wa historia kubwa zaidi. Kaskazini, Banalia iko kwenye ukingo wa mto Aruwimi. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita mto huo akielekea kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, akaacha nyuma kambi Yambuya chini ya Meja Edmund Barttelot, ili waliobaki wangoje wapagazi walioahidiwa na mfanyabiashara Tippu Tip. Kungoja kukageuka maafa ya njaa, maradhi na viboko. Tarehe 19 Julai 1888, kikosi kikiwa kimesogea hadi Banalia, Barttelot alipigwa risasi akafa. Aliyempiga alikuwa Sanga, kiongozi mmoja wa wapagazi wa Kimanyema, baada ya ugomvi ulioanza alfajiri kwa sababu ya mke wa Sanga aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba. Stanley alirudi hapo tarehe 17 Agosti mwaka huohuo, akakuta mabaki ya kambi.

Kisa hiki kimejaza vitabu Uingereza, na karibu vyote vinauliza swali moja: maofisa wale wa Kiingereza walikosea wapi? Wapagazi kutoka Zanzibar waliokufa kwa makumi, Wamanyema, na wanavijiji wa Aruwimi ambao muhogo wao ulichukuliwa, wanaonekana kama umati usio na majina. Mchezo unaotengenezwa Bengamisa una nafasi ya kugeuza upande wa kutazamia. Mchezaji asipewe nafasi ya Stanley. Apewe nafasi ya mpagazi aliyebakiwa na chakula cha siku mbili, au ya mama wa kijiji anayeona msafara unakuja na lazima aamue akimbilie msituni na nini.

Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili ana hazina moja ambayo wenzake wanaofundisha kwa Kifaransa hawana. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi hayo yalichapwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Humo yamo maneno yake mwenyewe kuhusu safari za Kongo, pembe za ndovu na kazi aliyopewa mwaka 1887, alipokubaliana na Stanley huko Zanzibar kuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold. Kituo hicho Stanley alikuwa amekianzisha Desemba 1883. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikishambulia Agosti 1886, na mzungu aliyekisimamia akatoroka. Ni kutokana na misafara ya wafanyabiashara hao Kiswahili kilijikita Kisangani. Mwanafunzi asome kipande kifupi cha maandishi yale akiwa amesimama kando ya mto. Lakini aongezewe swali ambalo msimulizi hakupenda kuligusa: watu waliobebeshwa pembe hizo walikuwa nani, na wangapi walirudi kwao? Tippu Tip alifanya biashara ya watumwa pia. Mchezo unaomfanya shujaa kwa sababu tu aliandika lugha yetu utakuwa umewadanganya watoto.

Historia ya Bengamisa yenyewe iko mikononi mwa wanaofanya kazi. Kakao ni somo tosha la nusu siku: nani alileta miche, nani alilipwa kuipanda, bei ilikuwaje enzi za wazazi na ikoje leo, kwa nini shamba likastawi na kwa nini likadorora. Kituo kiwekwe mahali mbegu zinapovundikwa na kuanikwa. Mwanafunzi anuse, ahesabu siku za kuvundika, kisha amwulize mfanyakazi mkongwe anakumbuka mabosi wangapi. Orodha ya mabosi ikipangwa kwa miaka inakuwa historia ya uchumi wa nchi, kuanzia ukoloni, utaifishaji na vita, mpaka leo. ISEA nacho kina wahitimu na wahadhiri wanaoweza kueleza kwa nini chuo cha kilimo kiliwekwa hapo na si mjini.

Safari ya pili, ya kwenda Kisangani, ifuate siku nyingine. Ukitoka Bengamisa unaingia mjini kwa daraja la mto Tshopo, na hapo historia haiko mbali. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao, na daraja hilo lilikuwa moja ya sehemu zilizogombewa. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mji. Umoja wa Mataifa ulikadiria raia 760 waliuawa na 1,700 kujeruhiwa. Shule 69 zilipigwa. Mwanafunzi wa leo anavuka daraja akiwa juu ya pikipiki bila kujua, na mama anayeuza mihogo mita mia moja mbele anakumbuka alijificha wapi.

Mjini kuna vituo ambavyo mwalimu anaweza kuviunganisha kwa miguu ndani ya komine ya Makiso, na vingine kwa toleka, baiskeli ya abiria. Kuna posta, kwa sababu Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu kabla ya siasa, na ni hapa, mji ukiitwa bado Stanleyville, ambapo mkutano wa chama chake, MNC, wa Oktoba 1959 uliishia kwa vurugu zilizoua watu na yeye kutiwa mbaroni. Kuna maporomoko ya Wagenia, ambapo wavuvi hufunga mitego ya makapu kwenye magogo yaliyosimikwa ndani ya maji makali. Kuna ng'ambo ya Lubunga, inayofikiwa kwa mtumbwi, ambako reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, iliyofunguliwa 1906, ilijengwa ili kuyakwepa maporomoko. Hapo swali zuri linajitunga lenyewe: kwa nini reli iko upande ule na mji mkubwa uko upande huu?

Kuhusu utungaji wa maswali, kanuni moja inatosha. Swali likiweza kujibiwa na mtu aliyelala kitandani, lifutwe. "Stanley alifika mwaka gani?" ni swali la mtihani, libaki kwenye mtihani. "Hesabu magogo yaliyosimama upande wa kushoto, kisha umwulize mvuvi ni familia gani ina haki ya kufunga kapu kwenye gogo la kwanza" ni swali la mchezo. Kila kituo kiwe na kitu cha kutazama, mtu wa kuulizwa na jambo la kuamua. Vituo sita vilivyofikiriwa vyema vinashinda ishirini vya haraka haraka. Watoto wakichoka, cha kumi hawakioni tena, wanakikimbilia tu.

Lugha isiwe mtihani wa pili. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, lakini mwanafunzi aruhusiwe kuuliza kwa Kilingala au kwa lugha ya nyumbani, na jibu la mzee lirekodiwe kwa lugha aliyoitumia. Majina ya mahali yaandikwe jinsi mwenyeji anavyoyatamka.

Wazee waendewe mapema, na mwalimu mwenyewe, kabla ya siku ya mchezo. Haiwezekani kumtumia mzee watoto thelathini bila taarifa. Apelekewe sukari au sabuni kama ilivyo desturi, aelezwe sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia, na aulizwe kama anataka jina lake litajwe au la. Kama wawili wanasimulia jambo moja tofauti, yote mawili yaingie kwenye mchezo, na kundi la mezani liamue ni ushahidi gani una nguvu na kwa nini.

Yapo mambo ambayo mchezo usiyaguse kwa pointi. Uasi wa Simba ulioiteka Stanleyville Agosti 1964, na siku za Novemba mwaka ule ambapo wanajeshi wa miavuli wa Ubelgiji waliteremshwa na ndege za Marekani, bado una wafiwa hai pande zote. Vita vya Siku Sita, vile vya Juni 2000, vina makaburi. Sehemu hizo zitembelewe, zisomewe, shahidi aliyejitolea asikilizwe, lakini pasiwe na saa inayohesabu wala kikundi kinachoshinda. Na pasiwe na maswali ya fedha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005 kwa vita vyake nchini Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Familia nyingi za Kisangani zimesubiri fidia kwa miaka mingi. Mtoto akibisha hodi na kuuliza nani amelipwa na nani hajalipwa, atakuwa amewasha moto asioweza kuuzima.

Hatari kubwa kuliko zote imejificha kwenye swali linaloonekana la kawaida kabisa: nani alifika hapa kwanza? Mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola uliolipuka Februari 2023 upande wa kusini wa mto Kongo uliua watu wengi na kuwajaza wakimbizi Kisangani. Katika mazingira hayo mchezo wa shule unaotangaza ukoo fulani ndio wenye nchi unaweza kugeuzwa ushahidi mahakamani, au kisingizio cha panga. Mwalimu aulize watu waliishi vipi, walibadilishana nini, walioana na nani. Mipaka na hati za ardhi awaachie wanaohusika.

Ruhusa ipatikane kwa maandishi. Kule Bengamisa mkuu wa sekta na wakuu wa shule wapewe barua inayoeleza tarehe, njia na idadi ya wanafunzi. Mjini, ofisi ya komine, na wenye mamlaka ya usalama wajue. Wanafunzi wanaozunguka na simu wakipiga picha hutiliwa shaka haraka. Hakuna picha ya daraja, bwawa la umeme la Tshopo, kambi wala uwanja wa ndege, hata kama kituo kiko jirani. Jibu la vituo hivyo liwe la kuandika au kuchora. Wagenia wana utaratibu wao wa kupokea wageni, na bei ya kikundi cha shule ipatanwe na chifu wao kabla ya siku yenyewe. Mtoto yeyote asipande kwenye magogo. Kila kikundi kifuatane na mtu mzima, na mashindano ya kasi yafutwe kabisa kwenye sehemu yoyote inayovuka barabara ya pikipiki.

Kwa vifaa, mwenye kompyuta na mtandao anaweza kutumia huduma kama Actionbound, inayomwezesha mwalimu asiyejua kuandika programu kupanga vituo na maswali. Kwa Bengamisa njia iliyo imara zaidi ni Twine, programu ya bure ya kutunga hadithi zenye matawi. Inachotoa ni faili moja dogo linalofunguka kwenye kivinjari cha simu janja bila intaneti, na linaweza kurushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Faili hilo halitamjua mchezaji alipo, na hapo mwalimu anatumia ujanja: kila kituo kina neno la siri linalopatikana papo hapo tu, kama maandishi ya juu ya mlango, idadi ya ngazi, au jina ambalo muuza duka ameombwa alitoe kwa anayeuliza kwa adabu. Bila neno hilo ukurasa unaofuata haufunguki. Ramani iliyopakuliwa ndiyo inayomfikisha. Rekodi za wazee ziwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu, fupi, zisizidi dakika mbili kila moja, na kila kikundi kipewe nakala ya karatasi ya mchezo mzima kwa ajili ya simu itakayozima. Simu zichajiwe jioni ya kuamkia siku hiyo kwenye kibanda cha sola, na gharama iingizwe kwenye bajeti pamoja na maji ya kunywa.

Januari na Februari mvua hupungua, na ni miezi mizuri ya kujaribu. Jaribio la kwanza lifanywe na wanafunzi watano tu na mwalimu akiwa nyuma yao, kimya, akiandika wapi walikwama. Karibu kila mara itakuwa swali lisiloeleweka, si simu. Siku ya mchezo mkubwa itanguliwe na maswali kumi ya kuandika darasani. Maswali hayohayo yarudiwe wiki mbili baadaye, ili ijulikane kilichobaki baada ya msisimko kwisha. Kituo ambacho hakuna aliyekikumbuka kifutwe au kitungwe upya.

Rekodi zisipotee pamoja na simu za walimu. Nakala moja ibaki kwa familia ya msimulizi, moja kwenye maktaba ya ISEA, na moja kwenye shule, ikiwa na tarehe, mahali na jina la aliyerekodi. Mwaka unaofuata darasa jipya lipewe mchezo wa wenzao pamoja na kazi ya kuongeza vituo viwili na kusahihisha kimoja.